Kilti Haina Makosa, Stokingi Ndizo Zinakuumbua

Leo tunaongea kuhusu miguu. Si miguu ya kukimbia, hiyo Eldoret imeongelewa ikaisha. Naongea kuhusu kile kipande kinachoanzia chini ya goti na kuishia kwenye lami. Mwaka mzima nimekuwa nikijifunza kuvisha kipande hicho, na nimefikia msimamo ambao najua wengine wenu mtaukataa. Sawa tu. Somo kwanza, ukatae baadaye.

Wenye mmekuwa na mimi tangu mwaka jana mnajua nina kilti. Kwa wageni, stori ni hivi. Nilikuwa West Market natafuta jaketi. Nikapita kwa kina mama wanaouza sketi, nikaona kitambaa kizito cha mraba mraba, kijani na buluu, kimening'inizwa katikati ya sketi za shule. Nikakishika. Sufu ya ukweli, si ile polista inayokuwasha mpaka jioni. Mbele kilikuwa laini bila mkunjo hata mmoja. Nyuma, marinda yamepangwa kama kurasa za kitabu. (Ndiyo, nimesema marinda. Chekeni mara moja tumalizane, hilo neno litarudi.) Kando kulikuwa na vikanda vidogo vya ngozi vya kukazia kiunoni.

"Hiyo ni sketi ya madam mkubwa," mama akaniambia. "Juu ni wewe, leta mia tano."

Nikalipa mia nne, nikatoka mbio kabla hajaigeuza akaiangalia vizuri. Kwa sababu haikuwa sketi ya madam. Ukiivaa, kile kipande cha juu cha mbele kilikuwa kinafungia upande wako wa kulia, na hiyo ndiyo alama ya kilti ya mwanaume. Za kike kwa kawaida hufungia kushoto. Halafu uzito. Kilti kamili ya mwanaume inaweza kula yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7, zote zimekunjwa nyuma yako. Ukiishika kwa mkono mmoja unahisi kama umebeba blanketi.

Jumamosi iliyofuata nikaivaa kwenda bafdei ya rafiki yangu mjini. Juu, fulana nyeusi. Chini, raba nyeupe kubwa na soksi fupi nyeupe, zile za kuishia kwenye kifundo. Kwa kioo nilijiona nimeua luku. Nikafika steji ya boda.

"Dada! Shule imefungwa lini?"

Steji nzima ikacheka. Nikacheka pia, kwa sababu ukikasirika umeisha. Halafu mmoja akaja nyuma yangu, akashika pindo, akalivuta juu kidogo aone kuna nini. Nikageuka. Hapo hakukuwa na mzaha tena, na nadhani aliona usoni. Nikamwambia, "Buda, hii ni nguo ya wanaume. Wanajeshi wa Uskoti wanavaa hivi."

Sura yake ikabadilika. "Aaah, ni ya wazungu? Pole boss."

Shikilia hiyo pole. Tutairudia.

Nilipofika nyumbani nikaangalia video yangu kama mara kumi, na nikakubali kitu kimoja kilichouma: yule wa "shule imefungwa lini" alikuwa na pointi. Nilikaa kama mtoto wa shule. Na kilichofanya nikae hivyo haikuwa kilti. Ilikuwa soksi.

Fikiria hivi. Suruali inakufichia makosa. Ukivaa soksi moja ya kijivu na nyingine ya buluu, ni wewe na Mungu wako mnajua. Kilti haina huruma hiyo. Inasimama kwenye goti, na kila kitu chini yake kiko wazi kama dirisha la duka. Nilikuwa nimevaa sufu nzito juu, halafu mguu mtupu mrefu mwembamba, halafu kamstari keupe, halafu raba kama mikate miwili. Mguu wangu ulikuwa umekatwa vipande vitatu ambavyo havijuani. Hata David Rudisha angevaa hivyo mngemcheka.

Kwa hivyo nikaanza kusoma. Haya ndiyo nimejifunza.

Goti ndilo kipimo

Kilti inavaliwa juu, kwenye kiuno chenyewe karibu na kitovu, si kwenye nyonga kama jinzi. Pindo lake linafika katikati ya pia ya goti. Kipimo cha haraka: piga magoti sakafuni. Pindo likibaki inchi moja hivi juu ya sakafu, uko sawa. Likilala sakafuni umevaa ya mtu mwingine.

Stokingi inapanda mpaka vidole viwili au vitatu chini ya goti. Si mpaka gotini, si nusu ya shavu la mguu. Kinachobaki wazi ni goti peke yake. Hicho kipande kidogo cha ngozi ndicho siri yote. Kinamwambia anayekuangalia kwamba huyu mtu amepanga, hajasahau suruali nyumbani.

Stokingi yenyewe inatakiwa iwe nzito, ya sufu au kitu kinachofanana na sufu, na sehemu ya juu inakunjwa kuangalia chini kama kola. Chini ya ule mkunjo unaficha lastiki ya kuishikilia. Kwenye lastiki kuna vipande viwili vya utepe vinavyochungulia upande wa nje wa mguu. Watu hudhani utepe ni wa urembo tu, wanauacha, wanaacha na lastiki. Jaribu. Toka Kapsoya kwa miguu ukiwa huna lastiki, ukifika Zion Mall stokingi zote mbili zimelala kwenye viatu kama paka waliochoka.

Halafu rangi. Hapa ndipo vita vipo. Nyeupe ndiyo utaiona sana kwenye picha, kwa sababu imezoeleka kwenye harusi na kilti za kukodi, na bendi nyingi huvaa nyeupe. Waskoti wengi wanaovaa kilti mara kwa mara wanaidharau kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niko upande wao, na nina sababu ya ziada inayoitwa Eldoret. Kuanzia Aprili mpaka Agosti mji huu ni matope. Kuvaa stokingi nyeupe Langas mwezi wa tano ni kujitusi mwenyewe.

Ushauri wangu: angalia kitambaa cha kilti yako, tafuta rangi iliyomo ndani lakini isiyopiga kelele, vaa hiyo. Yangu ina uzi mwembamba wa kijani iliyokolea, kwa hivyo stokingi zangu ni za kijani iliyokolea. Kama huna uhakika, kijivu. Kijivu hakijawahi kumuaibisha mtu.

Na tafadhali, zile soksi nyembamba nyeusi za ofisi ziache ofisini.

Utazitoa wapi?

Najua unajiuliza. Uskoti ni mbali, na mimi pia sina doh ya kuagiza vitu ng'ambo nilipie na ushuru. Kuna njia tatu nimejaribu.

Ya kwanza ni maduka ya yunifomu za shule. Uliza stokingi ndefu za kijivu. Ni nyembamba kidogo lakini zinafika pale zinapotakiwa. Shida ni ile mistari ya rangi ya shule juu. Ukiikunja ndani vizuri, haionekani.

Ya pili ni stokingi za mpira. Urefu ziko sawa, lakini zinang'aa, na ukikaa kwenye jua unatoka kama beki wa kushoto aliyepotea njia. Kwa dharura tu.

Ya tatu ndiyo niliyoishia nayo, na ndiyo bora. Nilimwendea mama mmoja anayefuma sweta za shule kwa mashine, nikamwonyesha picha kwa simu. Uzi si tatizo Eldoret. Huu ni mji wa Ken-Knit, mji wa Rivatex, mji uliokuwa na Raymond. Tumezaliwa katikati ya nyuzi. Mama akapima shavu la mguu wangu, akaangalia picha tena, akaniuliza, "Kwani unaenda kuwinda?" Wiki moja baadaye nikachukua jozi moja, mia nane, na mkunjo wa juu amenifumia mistari ya kusuka ambayo hata sikuomba. Utepe na lastiki nilimalizia kwa fundi wa cherehani wa jirani, soo moja.

Kitu kimoja ambacho utaona kwenye picha na usiige: kisu. Waskoti huchomeka kisu kidogo kwenye stokingi ya mguu wa kulia, au wa kushoto kama mtu anatumia mkono wa kushoto, mpini ukichungulia juu. Kinaitwa sgian-dubh. Ni kizuri, kina historia, na askari wa mlangoni mwenye kile chuma cha kupima watu hajali historia. Afande wa usiku pia hajali. Mimi huchomeka kitana.

Sasa viatu

Kiatu cha heshima cha kilti ni kile cha ngozi nyeusi chenye vitundu kama vimechorwa na sindano, kisicho na ulimi, chenye kamba ndefu sana. Kamba zinasokotwa mara kadhaa mbele ya mguu, zinazungushwa kwenye kifundo, zinafungwa mbele au kando kidogo. Kwenye kifundo, wasee. Nimeona mtu amezifunga kupanda mpaka gotini, mguu umekaa kama nyama ya kuchoma iliyofungwa kamba.

Wanasema viatu hivyo havina ulimi kwa sababu wachungaji wa milimani walikuwa wanatembea kwenye tope na maji, na vitundu vilikuwa vya kuyatoa maji nje. Nilipata viatu vyenye vitundu mtumbani, vizuri kabisa, ila vilikuwa na ulimi. Nikampelekea fundi wa viatu nikamwomba aukate. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Kijana, kiatu bila ulimi ni kiatu bubu." Akakataa. Akanipigia rangi, akabadilisha soli, akanirudishia na ulimi wake. Na alikuwa sahihi, kwa sababu kiatu cha kawaida cha vitundu kinakubalika kabisa na kilti. Hakuna polisi wa ulimi.

Mchana, ukiwa huendi kwenye shughuli ya tai na koti, buti ndizo baba. Angalia mashabiki wa timu ya taifa ya Uskoti wakisafiri. Jezi juu, kilti katikati, buti chini, na stokingi nene zimesukumwa chini zikajikunja juu ya buti. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo stokingi kushuka ni ruhusa, kwa sababu imeshushwa makusudi na inakaa juu ya kitu kizito. Kwa Eldoret hii ndiyo luku ninayoipendekeza zaidi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mwezi wa saba upepo unakata, barabara za ndani ni tope. Sufu na buti. Ukifikiria sana, hakuna mji mwingine mkubwa Kenya unaofaa kilti kama huu. Jaribu kuivaa Mombasa uone.

Raba je? Najua naishi Jiji la Mabingwa. Tangu tarehe 15 Agosti 2024 sisi ni jiji kwa karatasi, na nusu ya jiji inavaa viatu vya kukimbia mpaka kanisani. Lakini kiatu cha kukimbia kimetengenezwa kiwe chepesi, na kilti ni nzito. Ukiziweka pamoja, juu unaonekana umetoka vitani na chini unaelekea Iten kwa mazoezi. Kama ni lazima, vaa raba nyeusi, isiyo na soli nene, na stokingi ndefu. Nimesema kama ni lazima.

Viatu vya kuchongoka, hapana. Sitaongeza neno.

Na akala? Hapa nitapigwa mawe lakini nasema ndiyo. Akala na kilti zinaenda, kwa masharti mawili: bila stokingi kabisa, na siku ya jua. Usiniambie si halali. Waskoti wa milimani wa zamani hawakuwa na hivi viatu vya kung'aa. Wengi walitembea miguu mitupu, na wengine walivaa viatu vya ngozi mbichi vilivyotobolewa maji yatoke. Hata stokingi zao za kwanza hazikufumwa, zilikatwa kutoka kwenye kitambaa na kushonwa. Kwa hivyo mwenye akala yuko karibu na asili kuliko mwenye viatu vya kukodi vya harusi.

Turudi kwa ile pole

Nilisema tutairudia. Yule wa boda aliacha kucheka aliposikia neno "wazungu." Si aliposikia neno "wanaume," hilo nililisema kwanza. Ni mpaka alipojua nguo ni ya nani.

Hiyo imenikaa kichwani kuliko kicheko. Kwa sababu si yeye peke yake, na si leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kule pwani kulikuwa na ngoma ya beni, na vikundi viwili vilivyoshindana Mombasa na Lamu viliitwa Kingi na Scotchi. Scotchi waliiga wanajeshi wa Uskoti, kilti na yote. Kuna mwanahistoria, Terence Ranger, aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Ukisoma mambo yale unaona hawakuwa wajinga wa kuiga tu. Walikuwa wanashindana nani kapendeza, nani kapanga gwaride vizuri, na wakati mwingine walikuwa wanamcheka mkoloni akiwa pale pale. Hiyo naikubali. Halafu kuna upande mwingine. Idi Amin, aliyetoka King's African Rifles akapindua serikali ya Uganda Januari 1971, aliwapenda Waskoti mpaka akataka kuitwa Mfalme wa Uskoti, na akawa na bendi ya jeshi ya zumari na kilti. Nguo ni ile ile. Mmoja aliivaa kucheza, mwingine aliivaa kujikweza.

Na unajua hata wenyewe walinyimwa? Baada ya uasi wa milimani kushindwa, sheria ya mwaka 1746 iliwapiga marufuku wanaume wa milima ya Uskoti kuvaa nguo zao. Marufuku ikadumu mpaka 1782. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne akaenda Edinburgh, akavaa kilti akiwa huko, na ghafla nguo ile ile iliyokuwa ya washenzi ikawa ya heshima. Kitambaa hakikubadilika. Kilichobadilika ni nani ameivaa.

Sasa nikaenda kumsimulia dada yangu haya yote, na yule wa boda na pindo, nikiwa nimewaka kabisa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe umeguswa pindo mara moja umekuwa mwanaharakati. Mimi huchagua njia ya kupita kila asubuhi kulingana na sketi niliyovaa."

Nikanyamaza. Mimi nilikuwa na neno la kumnyamazisha mtu, "Uskoti." Yeye hana neno. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi kwa sababu ya wenzao waliovuliwa nguo hadharani, wakisema nguo yangu ni chaguo langu, na mwisho wa mwaka huo sheria ikabadilishwa kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la jinai. Zaidi ya miaka kumi imepita, na dada yangu bado anachagua njia. Kwa hivyo kama umekuja hapa kucheka marinda yangu, cheka, niko sawa. Lakini ukishika pindo la mtu, la kiume au la kike, wewe si mcheshi. Wewe ni mtu wa kuripotiwa.

Siku ya koito

Mwezi wa nane tulikuwa na koito ya binamu yangu kule Kapseret. Niliuliza kwanza, kwa sababu siku ya mtu si jukwaa lako. Binamu akacheka akasema niko huru. Baba akauliza swali moja, lile ambalo kila Mkenya anauliza: "Na ndani utavaa nini?" Nikamwambia bukta, baba, huu upepo wa Uganda Road hauaminiki. Akasema basi.

Nilipanga kila kitu usiku. Kilti imepigwa pasi, rinda moja moja. Stokingi za mama wa sweta, mkunjo vidole vitatu chini ya goti, utepe nje. Viatu vya vitundu vya yule fundi, na ulimi wake, vinang'aa. Shati jeupe na koti la kijivu la baba. Asubuhi nikapita steji ile ile ya boda. Walinitazama kutoka chini kwenda juu. Mmoja akasema, "Leo umeamua." Hakuna aliyetaja shule.

Sitasema kila mtu alifurahi. Shangazi mmoja aliniomba kwa upole nisimame nyuma kwenye picha, na nikasimama nyuma. Ni haki yake. Lakini baada ya chakula, mursik ikizunguka, kugo akaniita pale walipokaa wazee. Nikaenda na roho mkononi. Hakuangalia kilti. Aliinama, akashika mkunjo wa stokingi kati ya vidole viwili, akausugua.

"Nani amefuma?"

Nikamwambia mama fulani wa mjini.

"Amefuma vizuri." Akaangalia viatu, akaangalia jinsi utepe ulivyokaa, mguu wa kulia sawa na wa kushoto. Kisha akasema kwamba alipokuwa kijana walivaa ngozi, na makubazi ya ngozi ya ng'ombe, na kuna wazee waliokuwa wanajua kukata ngozi ile mpaka inakaa mguuni kama imezaliwa hapo. Suruali aliivaa akiwa mtu mzima. Akanyamaza kidogo. Nikadhani amemaliza.

"Hii ya wazungu umeijua yote, hadi kamba," akasema. "Yetu utaijua lini?"

Wazee wengine wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hivyo huu ndio msimamo wangu, na ndio huo nilisema wengine mtaukataa. Sioni aibu kuvaa kilti Eldoret. Nguo nzuri ni nguo nzuri, na mkikuta moja mtumbani kwa mia nne, chukueni. Lakini heshima ya nguo haiko kwenye jina la nchi ilikotoka. Iko kwenye kazi uliyofanya ukaivaa sawasawa: lastiki uliyoshona, kiatu ulichopiga rangi, vidole vitatu ulivyopima chini ya goti. Na ile kazi niliyoifanya kwa mila ya Uskoti, mwaka mzima wa kusoma, kuuliza na kulipa mafundi, sijawahi kuifanya hata siku moja kwa makubazi ya kugo. Mnaovaa shuka na shanga mara moja kwa mwaka kwenye harusi, na chini mmevaa viatu vya kuchongoka, nyinyi pia mko hapa na mimi.

Nimeanza kuuliza. Kugo anamjua mzee mmoja upande wa Kaptagat ambaye bado anakata ngozi. Mwezi ujao naenda na kamera na daftari, na miguu mitupu ya kupimwa. Kama babu yako anajua makubazi ya zamani yalifungwaje, kamba ikipita wapi, muulize leo. Usingoje msiba. Halafu uje uniambie.

Na stokingi nyeupe, bado nasema hapana.